Kabla hujafunga sola kwenye gari la safari

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu ya matumizi ya siku. Friji ya kompresa ya lita 40 au 50 inakula ampea 3 hadi 5 inapozunguka, na kwa joto la Tsavo au Ruaha itazunguka karibu nusu ya siku. Hizo ni kama wati-saa 600. Taa na simu ni kidogo. Paneli ya wati 200 iliyolala bapa juu ya keria, kwa saa 5 za jua kali, itarudisha kama wati-saa 700 ukishatoa joto, vumbi na hasara ya waya. Wati 100 hazitoshi, muuzaji aseme atakavyo. Birika la wati 2000 lisahau kabisa, maana lingevuta zaidi ya ampea 160 kwenye betri ya volti 12. Chai chemshia gesi.

Friji iwe na betri yake, mbali na ya kuwashia gari. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu.

Ukinunua paneli ya nyumba, ya volti 30 na zaidi, kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri) lazima iwe MPPT, aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampea za kuchaji. Ile ya PWM huishusha paneli hadi volti za betri, na umeme mwingi unapotea bure.

Panda juu ya gari uangalie kivuli. Hema likifunguliwa linafunika nini? Saa nne asubuhi spea tairi na madumu yanaangusha kivuli wapi? Kivuli cha ukubwa wa kiganja pembeni mwa paneli kinaweza kukata theluthi ya umeme. Chini ya paneli acha sentimita 2 au 3 hewa ipite: kila nyuzi moja ya joto juu ya 25 inapunguza karibu asilimia 0.4 ya umeme, na juani paneli hufika nyuzi 65. Ndiyo maana zile nyembamba za kubandika kwa gundi juu ya bati hazifai. Tumia nati za kujifunga zenyewe. Barabara ya Ngorongoro kwenda Serengeti inalegeza nati za kawaida kwa safari moja.

Sasa fyuzi, na hapa usikubali ubishi. Fundi huifunga karibu na kontrola, mita tatu kutoka kwenye betri, kwa sababu mkono unafika kirahisi. Mfumo unawaka, analipwa, kila mtu anaridhika. Lakini waya chanya umepita chini ya zulia na kupenya tundu la bati bila raba. Gari linatetemeka miezi, ukingo wa bati unakula ganda la waya kidogo kidogo. Siku shaba inapogusa bodi, tatizo si paneli, kwani yenyewe haitoi zaidi ya ampea 12 hivi. Ni betri: ya ampea-saa 100 inaweza kumwaga mamia ya ampea papo hapo. Fyuzi iliyo kule mbali haikatiki, kwa kuwa umeme haukufika kwake. Waya unakuwa mwekundu, zulia linashika moto, na mtungi wa gesi uko nyuma ya kiti.

Kwa hiyo fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 kutoka terminali chanya. Kontrola ya ampea 20 ipewe fyuzi ya 25 au 30 na waya wa milimita za mraba 6. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) na friji zipate fyuzi zao, hapo hapo. Kabla ya kulipa, fuata kila waya kwa kidole kuanzia betri. Ukipita shubiri moja hujakuta fyuzi, usilipe.

Waya wa 2.5 kutoka kwenye paneli ukatae pia. Kwa umbali wa mita 6 na ampea 11 unapoteza karibu volti nzima.

Kuunganisha: betri kwanza kwenye kontrola, paneli baadaye. Kufungua: paneli kwanza. Ukikosea mpangilio, kontrola inaweza kuungua.

Tundu la kupitishia waya juu ya bodi lipakwe rangi ukingoni kabla ya kuziba, la sivyo kutu itaanzia hapo. Pima upya kimo cha gari, uandike karibu na usukani. Kizima moto kiwe mahali dereva anafika akiwa amekaa. Kaza nati zote tena baada ya barabara mbovu ya kwanza, futa vumbi kila asubuhi, na usimruhusu mtu kukanyaga kioo cha paneli anapopakia mizigo.