Jinsi ya kuanza nitnem, sala za kila siku za Masikh, kuanzia alfajiri mpaka unapolala

Watu wengi wakisikia Usikh wanachokumbuka ni kilemba na bangili ya chuma basi, ila ukikaa karibu na Masingasinga wanaoshika dini yao utaona kinachobeba siku yao nzima ni nitnem, yani zile sala zinazosomwa alfajiri, jioni na kabla ya kulala, kila siku, iwe sikukuu au isiwe. Hii nimemwandikia mtu anayetaka kuanza na hajui ashike wapi, iwe kazaliwa kwenye nyumba ya Kisikh akakua bila kufundishwa, au kavutiwa tu na mafundisho ya Guru Nanak, mwanzilishi wa dini hii, na anataka kuyaishi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: anza na kidogo unachokielewa, kishike kila siku, ndo uongeze. Wanaojitwisha sala zote kwa mkupuo wiki ya kwanza wengi wao mwezi hauishi washaacha, na wanaacha wakiwa na uchungu wa kujiona wameshindwa dini, wakati walichoshindwa ni mwendo tu.

Kwanza ujue unasoma nini. Kitabu chenyewe ni Guru Granth Sahib, kina kurasa 1430 na kila ukurasa unaitwa ang. Guru Arjan, Guru wa tano, ndo alikikusanya na kikawekwa Harmandir Sahib, hekalu kuu la Masikh pale Amritsar India, mwaka 1604, baadae Guru Gobind Singh, Guru wa kumi, akaingiza tenzi za baba yake Guru Tegh Bahadur, na mwaka 1708 pale Nanded akatangaza kwamba baada yake hakuna tena Guru binadamu, Guru ni Granth. Ndo maana utaona kinalazwa kwenye mito, kinafunikwa vitambaa safi, kinapepewa, usiku kinapelekwa kupumzika, kwa sababu anayeheshimiwa pale ni Guru aliye hai kupitia neno lake. Na ndani hamna tenzi za Maguru peke yao, kuna Kabir mfumaji, kuna Ravidas aliyekuwa fundi ngozi, kuna Sheikh Farid ambaye ni sufi Mwislamu, wote wamo kwenye kitabu kimoja na wote wanainamiwa sawa. Sasa mpangilio wake unakusaidia sana we unayeanza, maana sala nyingi za kila siku ziko mwanzoni kabisa: Japji inaanza ang ya 1 hadi ya 8, zinafuata shabad (tenzi) za jioni, halafu Sohila ya usiku inaishia ang ya 13. Kurasa kumi na tatu za mwanzo ndo uti wa mgongo wa siku.

Utaratibu rasmi uko kwenye Sikh Rehat Maryada, mwongozo wa maisha ya Kisikh uliopitishwa mwaka 1945. Unasema hivi: alfajiri usome Japji Sahib, Jaap Sahib na Savaiye kumi, jua likizama usome Rehras, ukienda kulala usome Sohila. Utasikia pia watu wanataja bani (sala) tano za asubuhi, hao wameongeza Chaupai na Anand Sahib, usishtuke, ni mapokeo tofauti na yote yanaheshimika.

Mi nakushauri mwezi wa kwanza ubaki na mbili tu, Japji asubuhi na Sohila usiku. Basi. Zikishakaa, yani umefika mahali ukikosa unahisi kuna kitu kimepungua mwilini, ongeza Rehras, kisha ndo uje kwenye Jaap na Savaiye ambazo lugha yake ni nzito na mwendo wake ni wa kasi.

Vifaa ni vichache. Tafuta gutka, kile kijitabu cha sala, na kama husomi Gurmukhi chukua chenye mistari mitatu, maandishi ya Gurmukhi juu, matamshi kwa herufi za kirumi katikati, maana chini. Kifunge kwenye kitambaa safi, kiweke juu, sio kwenye godoro wala mahali viatu vinapita, na ukikishika mikono iwe imenawa na kichwa kimefunikwa. Programu za simu zipo na zinasaidia hasa ukiwa safarini, ila kama unaweza asubuhi usitumie simu, maana unafungua kusoma Japji meseji tatu zimeshaingia na akili imeshaondoka. Granth yenyewe nzima usikimbilie kuiweka nyumbani, inataka chumba chake, inataka kufunguliwa asubuhi na kufungwa jioni kila siku ya Mungu, na huo ni wajibu mkubwa kwa mtu ambaye bado anapambana na alamu.

Tuje kwenye kuamka. Wakati unaotakiwa unaitwa amrit vela, zile saa tatu za mwisho kabla hakujapambazuka, yani kuanzia kama saa tisa usiku kwenda mbele. Najua inatisha. Ukizoea kuamka saa moja usijilazimishe saa tisa kesho, rudisha alamu nyuma nusu saa kila wiki na, hili ndo watu wanalisahau, rudisha na muda wa kulala, maana hakuna amrit vela kwa mtu aliyelala saa saba. Kama unafanya kazi ya zamu usiku, mi naona asubuhi yako ni pale unapoamka, usiiache sala kwa sababu saa za ukutani hazikubaliani na wewe.

Ukiamka, oga. Uchovu unatoka, ila usifikiri maji ndo yanakutakasa, na Guru Nanak kalisema hilo ndani ya Japji hiyohiyo, pauri (ubeti) ya 20: mikono na miguu ikichafuka maji yanaondoa vumbi, nguo ikichafuka sabuni inaitoa, lakini akili iliyochafuliwa na dhambi inasafishwa kwa kupakwa rangi ya Jina la Mungu. Kaa chini mahali pametulia, kunja miguu, mgongo wima (mwenye shida ya magoti akae kwenye kiti hamna ubaya wowote), na kabla hujafungua gutka tamka Waheguru, jina la Mungu, taratibu na pumzi yako kwa dakika chache. Hiyo ndo simran. Akili itatoroka, irudishe, itatoroka tena, irudishe tena.

Halafu anza Mool Mantar, tamko linalofungua Granth: Ik Onkar Sat Naam Karta Purakh Nirbhau Nirvair, Mungu mmoja, Jina lake ni kweli, muumba, asiye na hofu, asiye na uadui, unaendelea mpaka Gur Prasad, kwa neema ya Guru. Japji ina pauri 38 na mwishoni salok, ubeti mfupi wa kufungia, na ukishazoea ni kama dakika ishirini hadi ishirini na tano hivi, mwanzoni inaweza ikakuchukua hata mara mbili ya hapo na hilo ni la kawaida kabisa. Kuna mbinu inasaidia sana: tafuta rekodi ya mtu anayesoma taratibu, weka kidole kwenye mstari, fuata. Kuwa makini na zile herufi kh, th, ph, hizo ni k na t na p zenye pumzi nyuma yake, kwahiyo Khalsa (jumuiya ya Masikh waliopokea amrit) usiitamke kama unavyotamka Khamis.

Na soma maana, tafadhali. Chukua pauri moja kwa wiki uikalie. Ile ya kwanza inakupa swali na jibu palepale: tutakuwaje wa kweli, ukuta wa uongo utavunjikaje? Jibu, kwa kutembea ndani ya hukam, amri ya Mungu iliyoandikwa pamoja nasi. Ukielewa hapo umeelewa kwa nini Msikh anasoma hata siku ambayo hajisikii. Pauri ya 8 hadi 11 zinarudia neno la kusikiliza, ya 12 hadi 15 zinarudia neno la kukubali na kuamini, yani sikio ndo linatangulia, moyo unafuata. Afu kuna ile ya 38 ambayo mi naipenda kuliko zote, Guru Nanak anakuingiza kwenye karakana ya sonara: kujizuia ndo karakana yenyewe, subira ndo sonara, akili ni fuawe, maarifa ni nyundo, kumcha Mungu ni mivukuto, juhudi ni moto, upendo ni chombo, na ndani ya chombo hicho ndo amrit, kinywaji cha uzima, inamiminwa na neno linafuliwa. Ukiisoma saa kumi usiku usingizi unakuvuta kichwa unaelewa kabisa kwa nini sonara kaitwa subira.

Ukimaliza, simama ufanye Ardas, viganja vimekutana kifuani. Ardas inawakumbuka Maguru kumi, wale Panj Piare (wapendwa watano), wana wanne wa Guru Gobind Singh, na mashahidi waliokufa kwa ajili ya imani, kisha unaweka ombi lako kwa maneno yako ya kawaida, kisha unafunga kwa kuomba heri ya watu wote, sarbat da bhala. Usiruke hapo mwisho. Hata kama umeamka una kinyongo na mtu, umeshamwombea, na yeye yumo kwenye hao wote.

Kama unataka neno la siku, pokea hukamnama. Kwenye gurdwara, nyumba ya ibada ya Kisikh, Granth inafunguliwa bila kuchagua na inasomwa shabad iliyoko juu ukurasa wa kushoto, na kama shabad hiyo ilianzia ukurasa wa nyuma unarudi unaisoma kutoka mwanzo wake, hairuhusiwi kudaka katikati. Ile ya Harmandir Sahib ya kila asubuhi inawekwa mtandaoni, ifuate hiyo. Isome kama shauri, usiitumie kama kupiga ramli ya kama biashara itaenda au haiendi.

Sasa swali ambalo wanawake wanauliza kwa aibu: nikiwa kwenye siku zangu nisome? Soma. Shika gutka, soma, fanya Ardas. Guru Nanak kwenye utenzi wake wa Asa di Var kaikataa ile habari ya unajisi wa uzazi, na akauliza vipi atukanwe yule anayezaa wafalme. Mwanamke wa Kisikh anasoma, anaongoza kirtan (kuimba tenzi), anasimamia Granth, na anayekuambia vinginevyo anakuletea mila za kwingine.

Mchana hamna bani iliyopangwa, lakini nidhamu inaendelea, na hapa ndo nitnem nyingi zinavuja. Mambo ni matatu, kulikumbuka Jina, kula jasho lako kwa haki, kugawana na wengine. Kuna mstari wa Guru Nanak, ang ya 1245, unasema anayekula alichokitolea jasho na akatoa kidogo kwa mkono wake huyo ndo kaitambua njia. Kwahiyo ukisoma Japji asubuhi afu mchana ukamdhulumu mtu kwenye mizani, kazi ya asubuhi umeibomoa mwenyewe. Dasvandh, sehemu ya kumi ya kipato, itenge mshahara ukiingia tu kabla hujaanza kuupangia, na ambaye hana pesa ana mikono: nenda gurdwara uingie jikoni kwenye langar, kile chakula cha bure cha watu wote, kosha masufuria, pangusa sakafu, panga viatu vya watu mlangoni.

Jioni jua likizama soma Rehras. Utakuta gutka moja ina Rehras fupi na nyingine ndefu, usihangaike, chagua moja ukae nayo. Ukiwa na familia someni pamoja kwa sauti, mtoto anashika kwa kusikia zaidi ya kufundishwa.

Usiku, simu umeshaiweka mbali, unasoma Sohila. Ni shabad tano tu, hazifiki dakika kumi, tatu za Guru Nanak, moja ya Guru Ram Das na moja ya Guru Arjan. Ya kwanza inaongelea siku ya harusi iliyoshapangwa, na harusi hiyo ni kifo, na ndo maana Sohila inasomwa pia mazikoni. Ya tatu ni ile Aarti, mbingu ndo sinia, jua na mwezi ndo taa, nyota ndo lulu, upepo unapepea, ibada inaendelea bila sisi kuwasha kitu.

Siku ukikosa, usilipe deni kwa kusoma mara mbilimbili harakaharaka, soma ya leo vizuri. Ukiona unakosa mara kwa mara shida iko kwenye ratiba ya kulala, irekebishe hiyo kwanza. Miezi ikipita na unataka kwenda mbele, anza Sahaj Path, kusoma Granth nzima kwa mwendo wako, ukienda ang nne kwa siku, kabla mwaka haujaisha utakuwa umemaliza. Na kama moyo unakuelekeza kupokea amrit, maji matamu ya kuingizwa rasmi, na kuingia Khalsa, ile iliyoanzishwa sikukuu ya Vaisakhi ya 1699 pale Anandpur Sahib, jua kuanzia siku hiyo nitnem ni lazima na zile kakar (alama) tano utazibeba mwilini muda wote: kesh (nywele zisizokatwa), kangha (kitana), kara (bangili ya chuma), kachera (kaptula ya ndani) na kirpan (upanga mdogo). Ongea mapema na wanaosimamia Amrit Sanchar, yani ibada ya kupokea amrit, uwaulize orodha yao ya bani kwa sababu wengine wanataka tatu za asubuhi na wengine tano, na uanze kuzisoma zote miezi kadhaa kabla, ili siku yenyewe ikifika usiwe unaahidi kitu ambacho hujawahi kukifanya.