Jinsi ya kuanza traio ya pikipiki hapa Dodoma kwa pikipiki uliyonayo

Habari wadau. Nimemfundisha dogo mmoja jirani yangu Nkuhungu, anaendesha bodaboda, na nikaona bora niandike kabisa maana kila akitafuta maelezo alikuwa anakutana na video za watu wenye mashine za Montesa na GasGas zisizo na siti, uzito kama kilo 70 tu, anakata tamaa kabla hajaanza. Traio ni mchezo wa kupita kwenye mawe, magogo na makorongo bila kuweka mguu chini. Anayeshinda sio anayekimbia. Mwangalie Toni Bou wa Hispania, anabeba ubingwa wa dunia tangu 2007, muda mwingi pikipiki yake karibu imesimama kabisa na bado haanguki. Na kama kuna mkoa umejaliwa mawe Tanzania hii ni Dodoma, yani ukitoka tu mjini kuelekea Ntyuka unayakuta ya kila saizi.

Pikipiki yoyote ya gia yenye klachi ya mkono inafaa kujifunzia. Mimi napendelea cc 100 au 125 kuliko 150, nyepesi zaidi na ikikulalia unainyanyua mwenyewe. Ukipata Honda XL 125 ya zamani, zile walizokuwa wanapewa mabwana shamba, ichukue haraka, iko juu na tairi ya mbele ni kubwa.

HATUA YA 1: Mavazi
Helmeti yenye mkanda unaofunga, glavu, suruali nzito, na buti zinazofunika kifundo cha mguu. Buti za mafundi ujenzi za mtumba zinatosha kabisa. Gambuti hapana, zinateleza kwenye futiresti na mguu unachezacheza ndani.

HATUA YA 2: Punguza mzigo
Toa kerea, toa vioo (weka kwenye begi, utavirudisha kabla ya kuingia barabarani), na toa yale mabampa mapana ya pembeni. Najua watu wengi wanabisha hapa kwamba bampa linalinda injini, lakini kwenye mawe ndo linalonasa, pikipiki inakwama katikati ya majabali mawili na wewe unaenda chini.

HATUA YA 3: Upepo
Pikipiki za traio zenyewe zinatumia tairi maalum zenye upepo mdogo sana, chini ya PSI 7, ili tairi ilale kwenye jiwe na kulishika. Sisi wenye tyubu tusishuke huko, ishia PSI 15 hivi, ukishuka zaidi tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu inapasuka. Ile nati ya kwenye valvu usiikaze kwenye rimu, ilegeze, kwa sababu upepo ukiwa mdogo tairi inajizungusha kidogo kwenye rimu na kuivuta tyubu, ukiona valvu imeanza kulala upande simama urekebishe kabla haijakatika. Beba pampu, viraka na solusheni, miiba ya migunga ya huku haina huruma.

HATUA YA 4: Klachi na waya zake, hapa soma taratibu
Hii ndo hatua yenyewe. Traio yote iko kwenye nusu klachi, yani ile sehemu ndogo ambapo pikipiki inaanza kuvuta lakini haijashika yote, na unatakiwa uweze kukaa hapo hapo muda mrefu kwa kidole kimoja. Sasa bodaboda nyingi klachi zake ziko hoi na mwenye nayo hajui, kwa sababu mjini hazimpi shida.

Anza na oili. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ya injini, kwa hiyo ukiweka oili ya gari zile za kupunguza ulaji wa mafuta zinaweza kufanya pleti ziteleze. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, hata kama bei imezidi kidogo, kwenye hili mimi sibembelezi mtu.

Kisha uchezaji wa waya. Pale wenzo wa klachi unapoingia kwenye kishikio chake kuwe na nafasi kama milimita 2 mpaka 3 kabla haujaanza kuvuta. Ukikaza bila nafasi pleti hazishikani vizuri zinaungua, ukilegeza sana pikipiki inatambaa hata umebana klachi yote.

Halafu hili ambalo lilitupotezea mchana mzima. Pikipiki ya dogo ilikuwa inaenda vizuri ikinyooka, vizuri ikikata kulia, lakini akikata kushoto mpaka mwisho inaruka mbele ghafla kama kuna mtu kaisukuma. Tukasafisha kabureta, tukabadilisha plagi, tukashusha sailensa (mngurumo wa injini bila resi) mpaka ikawa inazima yenyewe, bado. Nikamwambia dogo aiweke stendi kubwa, iwe fri, injini inanguruma polepole, asiguse resi kabisa, halafu azungushe usukani taratibu kutoka kulia mwisho mpaka kushoto mwisho. Ikafika kushoto, injini ikapanda yenyewe, vuuu! Kumbe fundi aliyetengeneza nyaya za taa alikuwa ameubana waya wa resi kwa kamba ya plastiki pamoja na nyaya nyingine pale chini ya tenki, ukikata kushoto waya unakosa urefu unajivuta. Tulikata kamba, tukaupitisha waya kwa nafasi, ikaisha.

Kwa hiyo fanya hilo jaribio kabla ya kitu kingine chochote, na rudia ukiwa umeingiza gia ya kwanza na umebana klachi, tairi la nyuma likiwa juu, maana waya wa klachi nao unaweza kubanwa vile vile. Mlio usibadilike popote. Ukibadilika usiende kwenye mawe, nakuomba.

Zoezi sasa. Uwanja tambarare, gia ya kwanza, resi ndogo isiyobadilika, kidole kimoja klachi, mguu wa kulia unagusa breki ya nyuma kidogo tu muda wote. Mwendo unaupunguza na kuuongeza kwa klachi, SIO kwa resi. Nenda polepole kuliko mtu anayetembea. Injini zetu zinapozwa na upepo na hapa hakuna upepo, kwa hiyo kila baada ya dakika kumi hivi zima, ipumzike, hasa ukiwa unafanya saa nane mchana mwezi wa kumi na moja. Bora asubuhi mapema.

HATUA YA 5: Simama na uzunguke
Simama kwenye futiresti, magoti yamelegea, macho yanatangulia unakokwenda. Kwenye kona pikipiki ilale ndani, mwili wako utoke nje. Zunguka duara kubwa, punguza, punguza, mpaka usukani ugote mwisho. Pande zote mbili.

HATUA YA 6: Jiwe la kwanza
Chagua jiwe la urefu wa kipandio cha ngazi, sentimita 10 hadi 15, na ulifuate moja kwa moja, sio kwa pembe. Kabla tairi halijagusa, kandamiza usukani chini kidogo, achia klachi huku ukiongeza resi kidogo kwa pamoja, mbele itanyanyuka. Tairi la mbele likishapanda bana klachi, peleka mwili mbele, kunja magoti, la nyuma litafuata lenyewe. Wanaoanza wanaongeza resi wakati la nyuma linapanda, hapo ndo linaposlipu.

Mawe yetu haya makavu yanashika vizuri sana, ila kagua kwa miguu kwanza. Gonga kwa buti, ukisikia mlio wa uwazi chini yake hilo ni gamba la jiwe, linaweza kumeguka na wewe juu yake. Mchanga mwembamba juu ya jiwe upanguse. Na uangalie nyufa kama kuna nyuki, hawapendi mlio wa injini. Penye watu wanaoponda kokoto usiingie, na popote pengine muone mwenyekiti wa mtaa kwanza.

HATUA YA 7: Mchezo wenyewe
Tafuteni wenzenu wawili watatu, wekeni mipaka kwa matofali. Mguu ukigusa chini mara moja pointi 1, mara mbili 2, tatu na kuendelea 3. Ukianguka au ukitoka nje ya mipaka 5. Mwenye pointi chache ndo mshindi. Asiyeendesha asimame karibu kukudaka pikipiki pale panapotisha, na usipande jabali lolote ukiwa peke yako porini.

Mkimaliza jazeni upepo palepale kabla ya lami, rudisheni vioo, na mkague cheni, inalegea haraka sana kwa kazi hii.