Unga wa plastiki wa kutengenezea matenki ya maji: ushike hivi usije ukakulipukia

Mafundi wengi wanauchukulia poa unga wa polithilini, yani hiyo plastiki ya matenki, kwa sababu hauna harufu, hauwashi ngozi, na kwenye karatasi ya usalama wameandika hauna sumu. Kweli sumu hauna. Shida ni vumbi lake, na kwamba tangu uanze kazi hapo hakijawahi kutokea kitu haikusaidii chochote.

Iko hivi. Ukiwa umetulia kwenye mfuko wa kilo 25 hata kuuwasha ni kazi, unayeyuka kwanza ndo unawaka taratibu kama mshumaa. Ila ule mwembamba unaopeperuka wakati wa kumwaga, ukijaa hewani ndani ya chumba alafu ukapata cheche, unawaka wote kwa mpigo na ukuta unaondoka. Tarehe 29 Januari 2003 kule Kinston, North Carolina, Marekani, kiwanda cha West Pharmaceutical Services kililipuka wakafa watu 6 na 38 wakaumia. Walikuwa wanatumia unga wa polithilini kupaka mpira usigandane, na uchunguzi ukakuta umejikusanya juu ya siling'i bodi. Chini kulikuwa kunafagiliwa vizuri tu!

Kwa hiyo we ukiingia zamu angalia juu kwanza: kenchi, migongo ya taa, juu ya mabomba na nyaya. Mlipuko wa kwanza unaweza ukawa mdogo tu, labda ndani ya mashine, ila unatikisa jengo, vumbi la juu linashuka lote, na la pili ndo linabomoa. Kuna kipimo cha Wamarekani cha milimita 0.8, yani ukiona tabaka limefika unene huo na limetanda eneo kubwa, hiyo ni hatari tayari, na milimita 0.8 ni kitu kidogo mno jamani.

Kusafisha sasa. Acheni kupuliza kwa kompresa, najua ni haraka na kila mtu anapenda, lakini hapo unatengeneza lile wingu kwa mkono wako mwenyewe. Tumia fagio laini polepole, au mashine ya kunyonya iliyotengenezwa kwa vumbi linalolipuka, sio ile ya kapeti ya nyumbani maana mota yake inatoa cheche.

Alafu kuna umeme tuli, ule unaokupiga kashoti ukigusa chuma. Unga ukimwagwa kwa kasi unajichaji, kwa hiyo hopa (lile pipa la kumwagia unga), mashine ya kusaga na faneli ya chuma vyote viwe na waya wa athi, ule unaopeleka umeme ardhini, na klipu yake ishike chuma kitupu, ukibana juu ya rangi umefanya mapambo tu. Petroli na thina zikae mbali kabisa na sehemu ya kumwagia. Kwenye mashine ya kusaga weka sumaku inase misumari na nati kabla hazijafika kwenye visu, na beringi ikianza kuchemka zima, usisubiri mwisho wa zamu.

Maski ya vumbi na miwani vaa, hayo yanajulikana. Unga uliomwagika sakafuni ondoa hapohapo, sementi laini ikishakuwa na unga inateleza vibaya.

Ukiungua na plastiki iliyoyeyuka, pale kwenye oveni ya kuyeyushia unga moto unapita nyuzi 250, weka mkono chini ya bomba la maji ya kawaida dakika 20 na USIIBANDUE, ngozi itatoka nayo, nenda hospitali ikiwa hivyohivyo.

Moto ukiwaka zima kwa maji ya kunyunyiza au povu, usipige maji ya presha moja kwa moja kwenye unga maana utaurusha hewani. Na ule wa kufagia usiusukumie mtaroni, ni mwepesi kuliko maji, unaelea na kusafiri mpaka mtoni.