Kurutubisha mayai ya kambale kwa mkono, kuanzia kuchagua wazazi mpaka vifaranga waanze kuogelea

Wafugaji wengi wanauliza mbona sato anazaa mwenyewe bwawani mpaka anakuwa kero, ila kambale unaweka dume na jike mwaka mzima na kifaranga hata mmoja huoni. Hawa samaki wanazaa tofauti kabisa. Sato jike anataga kwenye kishimo alichochimba dume, dume anarutubisha, halafu mama anayabeba mayai mdomoni mpaka yanaanguliwa, basi, akiwa na maji ya vuguvugu na msosi hana shida. Kambale yeye anasubiri mafuriko. Mvua kubwa ikipiga, mto ukapanda ukaingia kwenye majani, ndo wanatoka usiku kwenda kwenye maji ya kina kifupi, jike anamwaga mayai, dume anamwaga mbegu, wanaondoka zao na hakuna anayelea. Bwawani mayai anayo tumboni, tena mengi, ila ile ishara ya mafuriko haiji, kwa hiyo tunaileta sisi kwa sindano.

Hatua ya 1: Chagua wazazi

Mgeuze samaki tumbo juu uangalie karibu na njia ya haja. Dume ana kichuchu kirefu chenye ncha kinachoelekea mkiani, jike ana cha mviringo chenye ufa. Jike mzuri tumbo limetuna na ni laini, ukilibonyeza taratibu kuelekea nyuma yanatoka mayai machache, yaweke kwenye ukucha uyatazame: yawe saizi moja, rangi ya kijani kama kahawia hivi. Ukikuta madogo na makubwa yamechanganyika mrudishe, bado hajaiva. Na tumbo kubwa peke yake lisikudanganye maana akishiba anakuwa hivohivo, ndo maana hatuwapi chakula siku moja kabla. Pia usichukue dume na jike wa uzao mmoja, hili watu wanalipuuza sana halafu wanalalamika vifaranga wamedumaa au wamepinda.

Hatua ya 2: Mchome jike

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni homoni ya dukani, Ovaprim, mililita 0.5 kwa kila kilo ya samaki. Ya pili ni tezi ya pituitari, kale kapunje keupe kaliko chini ya ubongo, unakatoa kwa kambale mwingine aliyekomaa mwenye uzito kama wa jike wako, unakasaga kwenye maji ya dripu (yale ya chumvi ya hospitali) kidogo halafu unavuta na sirinji. Zote zinafanya kazi, ya pili ni rahisi mfukoni ila inataka mkono uliozoea. Mfunike kichwa na taulo mbichi atulie, choma kwenye nyama ya mgongo, sindano ilale kiasi ikielekea mkiani, ukichomoa pasugue na kidole dawa isirudi nje. Muweke peke yake, maji yasimame chini kidogo ya nusu ya chombo, na ufunike, kambale anaruka huyo!

Hatua ya 3: Hesabu masaa kwa joto la maji

Hapa nunua kipimajoto, usikisie. Maji yakiwa nyuzi 25 mayai yanakuwa tayari baada ya kama saa 11, kwenye nyuzi 28 ni kama saa 8, na kwenye baridi ya nyuzi 20 unaweza kungoja mpaka saa 21. Mimi kwa maji ya nyuzi 25 napenda kuchoma saa 2 usiku, ili nikamue saa 1 asubuhi nikiwa na mwanga. Ukiwahi mayai hayatoki, ukichelewa yanaharibikia tumboni.

Hatua ya 4: Mbegu za dume

Dume wa kambale huwezi kumkamua, maumbile yake hayaruhusu, inabidi umchinje umpasue tumbo. Korodani zake ni mbili, ndefu, zikiwa nyeupe kama maziwa ndo zimeiva. Zifute damu na maji kwa tishu, ziweke kwenye kibakuli kikavu. Nyama yake unakula kawaida tu maana hakuchomwa kitu.

Hatua ya 5: Kurutubisha

Hii ndo roho ya kazi yote. Mbegu za dume zikiwa ndani ya korodani zimelala, zinaamshwa na maji, na zikishaamka zinaogelea kama dakika moja tu zimekwisha. Yai nalo lina tundu moja dogo la mbegu kuingilia, likiguswa na maji linaanza kuvimba na tundu linajifunga. Kwa hiyo tone moja la maji likidondoka kabla ya wakati umepoteza pande zote mbili. Mfute jike akauke kabisa, kausha mikono, kausha bakuli. Mkamue kwa dole gumba kutoka kifuani kwenda nyuma, mayai yaliyoiva yanatiririka yenyewe, ukiona damu acha. Pima uzito: gramu moja ni mayai kama 600 hadi 700, yaani jike akikupa gramu 100 una mayai elfu 60 na zaidi.

Sasa katakata korodani, kamulia juu ya mayai, unaweza kusuuzia na maji ya dripu ya chumvi asilimia 0.9, hayo hayaziamshi mbegu. Changanya na unyoya wa kuku, taratibu, kijiko kinapasua mayai. Mbegu zikishaenea ndo unamimina maji safi ujazo kama wa mayai, unaendelea kukoroga na unyoya kwa dakika moja, hapo ndo mimba inatunga.

Hatua ya 6: Tandaza

Baada ya hapo usizubae maana mayai yanaanza kunata. Yamwage juu ya neti ya mbu isiyo na dawa, iliyotandikwa ndani ya maji, yawe tabaka moja, maji yapite polepole na mashine ya hewa iwake. Baada ya nusu siku hivi yaliyoshika yanabaki angavu, yaliyokufa yanakuwa meupe na kuvu linaanzia hapo, yatoe. Kwenye nyuzi 28 wanaanguliwa ndani ya siku moja, kwenye baridi ni zaidi, vifaranga wanapenya kwenye neti wanashuka chini na maganda yanabaki juu, toa neti yote.

Hatua ya 7: Siku za kwanza

Siku kama tatu wanakula kiini walichozaliwa nacho, usiwape chochote, funika tenki wapate giza. Wakianza kupanda kuogelea wape artemia (vikamba vidogo sana vya maji ya chumvi) au wadudu wadogo wa majini, mara nyingi kwa siku kidogo kidogo. Halafu anza kuwachambua kwa saizi mapema, mkubwa anammeza mdogo mzimamzima, na wale waliozidi sana wenzao wawe na tenki lao.