Kusomea na Kufanya Kazi ya Afya Ukiwa na Usikivu Hafifu: Mwongozo kwa Wanaoanzia Moshi na Arusha

Mtu anayesoma midomo hawezi kutofautisha baba, papa na mama, kwa kuwa b, p na m zote hutamkwa kwa midomo iliyofungwa kwa namna ileile. Nyumbani kosa hilo huishia kwenye kicheko, lakini wodini, ambako muuguzi anaweza kuambiwa sita akasikia tisa, hakuna anayecheka. Ninauandika mwongozo huu nikiwa muuguzi mwenye usikivu hafifu wa masikio yote mawili, niliyesomea Moshi na ninayefanya kazi Moshi, na ninamwandikia kijana anayetamani uuguzi, utabibu, famasia au maabara huku akihofia kwamba masikio yake yatamfungia mlango. Kutosikia kuna namna zake za kukabiliwa, na nyingi nitazieleza hapa. Kuitikia "sawa" kwa jambo ambalo hukulisikia ndiko kunakomdhuru mgonjwa.

Yajue masikio yako kwanza

Kabla ya kujaza fomu ya chuo chochote, nenda ukapimwe. Aliyeko Moshi anayo idara ya masikio, pua na koo ya hospitali ya KCMC, na aliyeko Arusha anaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Mwombe daktari atazame kwanza kama sikio limezibwa na nta au linatoa usaha, kwa sababu hayo yana tiba, kisha ufanyiwe kipimo cha usikivu na upewe nakala ya audiogramu, yaani mchoro unaoonyesha sikio lako linaanza kusikia sauti nzito na sauti nyembamba kwenye desibeli ngapi. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, anayesikia sauti zilizo chini ya desibeli 20 ana usikivu wa kawaida. Anayeanzia 35 hadi chini ya 50 ana upungufu wa wastani, na anayeanzia 65 hadi chini ya 80 ana upungufu mkubwa.

Usiridhike kuambiwa "wastani" ukaondoka. Katika kazi yetu umbo la mchoro lina uzito kuliko jina la daraja, kwani wengi hupoteza kwanza sauti nyembamba, kama zile za s, f na t, huku nzito zikibaki. Sauti za moyo ni nzito, nyingi zikiwa chini ya hezi 500. Ndiyo maana mtu anayeshindwa kufuatilia mazungumzo ya kantini anaweza kuusikia moyo vizuri kabisa kwa stetoskopu ya kawaida, na ni vema alijue hilo kabla mtu mwingine hajamwamulia kwamba hawezi.

Ikiwa usikivu wako ulipungua baada ya dawa, liandikwe kwenye kumbukumbu zako za matibabu. Jentamisini, streptomisini na kanamisini huharibu sikio la ndani, na kwinini nayo husababisha masikio kuvuma. Kanamisini ilitumika kwa miaka mingi kutibu kifua kikuu sugu kabla ya tiba ya vidonge kuchukua nafasi yake, hivyo wako watu waliopona kifua wakabaki na uziwi. Wewe utakayekuwa unachoma sindano hizo una sababu ya ziada ya kumuuliza mgonjwa kama masikio yameanza kulia.

Chuoni

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kuwa angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ngao hizo ni nzuri, ila mkufunzi wa wodi hatazisoma saa moja asubuhi wakati wanafunzi kumi wamemzunguka kitandani. Atakachosoma ni barua ya ukurasa mmoja uliyompa wiki moja kabla, inayosema unasikia nini, husikii nini, na unaomba nini: kusimama upande ambao utauona uso wake, kupewa majina ya wagonjwa na magonjwa yao kwa maandishi, na kuruhusiwa kutumia stetoskopu yako mwenyewe kwenye mtihani wa vitendo. Ambatisha audiogramu. Katika fomu ya uchunguzi wa afya inayokuja na maelekezo ya kujiunga, andika ukweli, kwa maana aliyeficha jambo lile siku ya kwanza hupata tabu kuomba msaada siku ya mia.

Darasani, kaa mbele na uwe na dirisha nyuma yako, ili mwanga umwangukie mwalimu. Ukilielekea dirisha, uso wake utakuwa giza tupu. Soma istilahi za somo usiku uliotangulia, hasa kwa kuwa mihadhara hutolewa kwa Kiingereza wakati wodi inazungumza Kiswahili, na midomo haimfundishi mtu neno ambalo hajawahi kukutana nalo. Chumba cha upasuaji ndicho kitakachokusumbua kuliko idara zote, kwa sababu barakoa hufunika midomo na kufifisha zaidi zile sauti nyembamba ambazo tayari ni haba kwako. Omba kukutana na timu kabla ya kunawa, mkubaliane ishara chache za mikono kwa vifaa na kwa neno "simama".

Watakuwapo watakaokushauri kwa nia njema uende maabara au stoo ya dawa, "kwenye utulivu". Nenda ukipenda kazi hiyo. Asiyewahi kuingia maabara ndiye anayedhani kuna utulivu.

Stetoskopu, shinikizo la damu na moyo wa mtoto tumboni

Stetoskopu za kielektroniki hukuza sauti, na baadhi huonyesha mawimbi ya moyo kwenye simu. Ugumu uko mahali pa kuziweka, kwani shime sikio, yaani kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, hukaa palepale ambapo ncha za stetoskopu hutaka kuingia. Mwenye upungufu wa wastani anaweza kuvua shime sikio na kutumia stetoskopu inayokuza sauti. Mwenye upungufu mkubwa atahitaji ile inayounganishwa na vipokea sauti vikubwa vinavyofunika sikio pamoja na shime sikio lake, au inayopeleka sauti moja kwa moja kwenye shime sikio. Kabla ya kununua, iombe uijaribu na mtaalamu wa usikivu akiwepo, kwa sababu shime sikio nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi na huziacha sauti nzito za moyo zikapotea.

Ukilazimika kuvua, panga kazi yako kwa utaratibu huu: chukua maelezo yote ya ugonjwa kwanza, kisha mwambie mgonjwa kwamba kwa dakika chache hutamsikia, na kwamba akiwa na neno au maumivu ainue mkono. Ukimaliza, vaa tena kabla ya kufungua kinywa. Nilichelewa kuujua utaratibu huu, na mama mmoja alinieleza habari za kifua chake kwa dakika nzima huku mimi nikimtazama mgongo.

Kupima shinikizo la damu kunaweza kuanza kwa vidole. Jaza hewa kwenye mkanda wa kipimo huku umeshika mshipa wa mkono hadi mapigo yapotee, kisha achia polepole, na pale yanaporudi ndipo penye kadirio la namba ya juu. Namba ya chini haipatikani kwa vidole, hivyo tumia mashine ya kielektroniki, na mapigo yasipokuwa na mpangilio usiiamini mashine, mwite mwenzako asikilize. Katika wodi ya leba, kifaa cha Doppla chenye kioo cha namba kitakupa mapigo ya mtoto, ambayo kwa kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika, lakini shika mkono wa mama wakati uleule ili usije ukayahesabu mapigo yake ukadhani ni ya mtoto.

Dkt. Helen Taussig wa Marekani, mmoja wa waasisi wa tiba ya moyo ya watoto, alipopoteza usikivu alijifunza kuvisoma vifua vya watoto kwa viganja vyake, na upasuaji wa moyo wa watoto aliouanzisha pamoja na Alfred Blalock na Vivien Thomas ulifanyika mara ya kwanza mjini Baltimore mwaka 1944. Vidole hufundishika.

Wodini

Nikiwa mwanafunzi katika hospitali moja, niliambiwa kipimo cha dawa nikaitikia kwa kichwa na kuandika tisa badala ya sita. Muuguzi mfawidhi aliliona kosa kabla dawa haijavutwa kwenye sirinji. Tangu siku hiyo sipokei namba kwa sikio peke yake: ninaiandika kwa tarakimu, ninamwonyesha aliyeitaja, na ninauliza, "Sista, ni hii?" Majina ya dawa yanayofanana, kama dopamini na dobutamini, yaandikwe herufi kwa herufi. Maagizo ya simu usiyapokee peke yako. Mpe mwenzako apokee na kuandika, nawe usome.

Ripoti ya kukabidhiana zamu ifanyike mahali penye mwanga na pasipo kelele. Wakati wa masika mvua ikipiga bati, shime sikio hukuza na mvua yenyewe, na siku hizo sisi huhamia chumba chenye dari. Programu za simu zinazogeuza maneno kuwa maandishi zinasaidia semina na vikao, ila kwa habari za wagonjwa pata kwanza ruhusa ya uongozi, kwa kuwa sauti inaweza kusafiri nje ya hospitali na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazilinda taarifa hizo.

Wagonjwa wetu wanahitaji uangalifu wa aina yake. Mzee wa Kibosho au Marangu anayechanganya Kichaga na Kiswahili, tena bila meno ya mbele, hasomeki midomoni. Mwite mwanawe akae upande unaouona. Heshima yetu nayo humfanya mtu ashushe sauti na kufunika kinywa kwa khanga anapotaja maradhi ya sehemu za siri, na hapo ukimwomba apaze sauti utakuwa umeitangaza siri yake wodi nzima. Mpeleke kwenye chumba, funga mlango, kaa mbele yake. Mimi huanza hivi: "Shikamoo, bibi. Masikio yangu ni mazito, naomba unitazame unaponieleza." Bibi mmoja alinijibu, "Marahaba, mjukuu wangu, hata yangu," tukaelewana vizuri kuliko wote waliotutangulia.

Jifunze pia Lugha ya Alama ya Tanzania, hata kama wewe unaongea. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pazuri pa kuulizia mafunzo na wakalimani, na Chuo cha Ualimu Patandi kilichoko Tengeru kinaandaa walimu wa elimu maalumu. Kuwa mwangalifu tu usigeuzwe mkalimani wa hospitali nzima huku wagonjwa wako wakikusubiri.

Kabla ya zamu ya usiku, weka mfukoni tochi yako, kwani umeme ukikatika midomo nayo hupotea, pamoja na saa ya mkononi inayotetema na betri za akiba. Betri ya shime sikio huanza kutumika pale unapobandua kile kibandiko chake, hata kama hujaiweka, kwa hiyo usiibandue mapema. Ukiibandua, iache ipate hewa kwa dakika moja au mbili, kisha ndipo uivae na kwenda kupokea ripoti.