Kabla ya kufunga kivuli cha turubai: jua ukuta wako, ndipo ununue bolti

Kabla hujaenda duka la vifaa vya ujenzi, toboa tundu moja la majaribio kwa biti ya milimita 6 pale breketi itakapokaa, kisha tazama vumbi linalotoka. Likiwa la kijivu, laini, na keekee inahangaika kupenya, hilo ni zege. La kijivu lenye chenga za mchanga, na biti inazama bila kusukumwa, ni tofali la saruji, tena huenda saruji yake ilikuwa haba. Jekundu ni tofali la kuchoma. Jeupe ni mawe ya matumbawe na chokaa, kama kuta za Mji Mkongwe wa Unguja. Biti ikidumbukia ghafla, tofali lina uwazi ndani.

Uzito wa kivuli chenyewe hausumbui sana. Kinachong'oa bolti ni upepo. Chukua kivuli cha kukunja chenye upana wa mita 3, kinachotoka mita 2, hakina nguzo, kimeshikwa na breketi 2 zenye bolti 4 kila moja. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ukikiinua kutoka chini, unasukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 150. Nguvu hiyo iko mita 1 kutoka ukutani, ilhali bolti za juu na za chini zimeachana sentimita 15 tu. Kivuli kinageuka mtaimbo: nguvu inaongezeka karibu mara 7, na ikigawanywa kwa bolti 4 za chini, kila moja inavutwa kwa takriban kilo 250. Ndiyo, za chini. Hewa ikitulia, uzito huvuta za juu. Upepo ukiingia, mzigo unahamia chini. Kwa hiyo usikubali bolti nene juu na skrubu chini. Fisha za plastiki zinatosha taa na fimbo ya pazia, hazitoshi hapa.

Mahali bora ni kwenye linta, yaani boriti ya zege iliyo juu ya mlango, kama urefu wa mlango unaruhusu. Zege zima linashika vizuri bolti za kutanuka za M10 au M12, yaani zenye hesi ya unene wa milimita 10 au 12. Angalia jambo moja: tundu hupimwa kwa unene wa ganda la nje la bolti, si kwa namba ya nati. Biti ikigonga nondo, usilazimishe, hamisha tundu.

Kwenye tofali la saruji lililo laini, bolti ya kutanuka ni kosa. Inaposukuma pembeni, tofali linapasuka, hasa karibu na ukingo. Hapo tunapendelea fito yenye hesi inayopita ukuta mzima, na upande wa ndani bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10, washa na nati. Haipendezi sebuleni, lakini inashika ukuta wote badala ya punje chache za mchanga. Usipotaka kutoboa hadi ndani, tumia gundi ya kemikali: fito ya M10 katika tundu la milimita 12, na kwenye tofali lenye uwazi toboa tundu la kipimo cha kichujio chake cha wavu, ukiweke kwanza, la sivyo gundi yote inamwagikia ndani. Safisha tundu kwa brashi na pampu ya hewa mara kadhaa. Gundi iliyoshika vumbi haijashika ukuta. Kwenye matofali ya uwazi zima pia mpigo wa nyundo wa keekee, kwani hubomoa ukuta wa nyuma wa tofali.

Lipu haibebi mzigo. Hesabu urefu wa bolti hivi: breketi milimita 8, lipu 20, kuingia ukutani 65, nati na washa 15, jumla 108, basi nunua ya 110 au 120. Afadhali uchonge lipu chini ya breketi, kwa sababu ukikaza juu yake inasagika, na baada ya wiki chache nati imelegea.

Pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, chagua chuma kisichoshika kutu cha daraja A4. Zinki nyembamba inayong'aa dukani huisha haraka kwa chumvi ya bahari. Breketi ikiwa ya alumini, tenganisha na bolti kwa washa ya nailoni, kisha ziba pembeni kwa silikoni maji yasiingie.

Nunua bolti 10 kwa kazi ya 8. Bolti ikizunguka bila kukaza, tundu limeharibika: usijaze njiti za kiberiti, ziba kwa saruji na utoboe upya, mbali kidogo na pale.