Mkaa wa chenga: ninavyoutengeneza hapa Mwanza

Jumamosi nzima nilishinda Igoma kwa mama mdogo, tunafinyanga mkaa. Alikuwa amenipigia simu kulalamika: "Mwanangu, mkaa wako unageuka unga guniani!" Kosa nililijua kabla hajamaliza, maana mimi lilinilia magunia mawili.

Chenga, yaani vumbi na vipande vidogo vya mkaa, waombe wauza mkaa wa mtaani kwako. Wengi hawazitaki, huishia mtaroni, na mvua ikinyesha zinafuata Mto Mirongo hadi ziwani. Kuna watakaokushauri utumie magugu maji. Nilijaribu. Karibu yote ni maji: unaanika mzigo wa mkokoteni, unabaki na wa kubeba kwapani.

Ponda, chekecha.

Sasa uji wa kushikisha chenga, na hapa usiwe na haraka. Kwa ndoo ya lita 10 ya chenga zilizochekechwa, mimi natumia unga wa muhogo gramu 400 na maji lita 4. Vuruga unga kwanza kwa maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka, mkono usiache kukoroga. Umeiva pale weupe unapopotea na uji kuvutika kama gundi ukiinua mwiko. Mama mdogo alimwaga unga mbichi kwenye chenga, akaongeza maji, basi. Ukifanya hivyo mkaa unafinyangika vizuri tu, unakauka, unafurahi, kumbe unga usioiva haushiki; ukiutikisa guniani kwisha. Ukizidisha uji nao, jiko linafuka moshi. Kwa hiyo usimimine wote kwa mkupuo, hasa kama chenga zilinyeshewa. Bana tonge kiganjani: likikaa bila kuchuruzika, simama hapo hapo hata kama uji umebaki. Wanaochanganya udongo wa kichuguu sikubaliani nao. Unashika, ndiyo, lakini jiko linajaa majivu kabla maharage hayajaiva.

Finyanga kwa mkono au kwa kopo dogo. Mashine kwa mkaa wa nyumba moja ni kutafuta gharama.

Siku ya kwanza anika kivulini. Mawe yetu haya tunayoanikia yakishika jua la saa saba yanakausha nje, ndani kunabaki kubichi, mkaa unapasuka. Halafu juani siku tatu hadi tano. Vunja mmoja uguse katikati. Pakiwa na ubaridi, bado. Mwezi wa sita hadi wa nane kazi ni nyepesi. Masika usijisumbue.

Washia vipande vichache vya mkaa wa kawaida. Wa chenga unachelewa kushika, hivyo chai ya asubuhi usiutegemee. Wenyewe ni wa makande. Na jiko lisilale chumbani, hewa yake ya sumu haina harufu.

Mama mdogo sasa anauliza kuhusu pumba za mpunga. Zinafaa, ila lazima zichomwe kwanza ziwe mkaa bila kuungua hadi majivu, na pipa la kuchomea bado sijampelekea.